Jino la Kalenda

Mdogo wangu mpenzi,

Kama umesimama, keti: mimi kaka yako nimenyoa masharubu. Hata paka alinikimbia.

Uliuliza habari za kazi. Ile saa ya mkono ya kifahari yenye kalenda, ninayoitengeneza siku zote, imetolewa kwa muundo mpya, kitufe cha tarehe kimehamishwa. Nilipokuwa nikirekebisha ya mteja mmoja, kidole changu, kwa mazoea ya miaka ishirini, kikabonyeza kwa nguvu pale pa zamani, ambapo sasa pana gurudumu la kalenda. Jino la gurudumu hilo la kalenda likakatika.

Mwenye saa alipokuja kuichukua, bosi akamwambia, "Mama, umeiangusha."

"Mimi? Haki ya Mungu sijaiangusha!"

"Hajaiangusha," nikasema. "Nimeivunja mimi."

"Fundi, nyamaza au utoke!"

Nikatoka, bisibisi zangu mfukoni. Kosa la kidole nalikubali. Kumsingizia mama wa watu, hapana, hata wakiniita kesho nirudi kazini.

Kaka yako, fundi asiye na duka.