Salamu Kabla ya Teke

Mjukuu wangu Zamzam,

Huku Koboko tu wazima. Bibi yako anakusalimu, na goti langu linauliza utakuja lini na dawa.

Unaniuliza kama katika filamu yako fupi ya Mwalimu Rajabu unaweza kukata zile salamu ndefu anazowalazimisha wanafunzi wa karate kabla ya kupigana. Ngoja nikwambie.

Nilipokuwa kijana mwembamba (ndiyo, niliwahi kuwa mwembamba), Mwalimu alinipeleka Arua kushindania kombe. Bibi yako nilikuwa nimeshamtangazia kwamba nitarudi nalo. Mpinzani wangu alikuwa na shingo ya fahali. Nikainama, nikamsalimu kama tulivyofundishwa: nyumbani, shamba, wazee.

"Mama yako natoka wapi?" akauliza.

"Ajia." Nikamtajia ukoo.

"Ala! Iko dada yangu hiyo! Mimi iko mjomba yako!"

Mikono yangu ikashuka yenyewe. Nani anampiga mjomba? Watu wakazomea: "Pigana, wewe! Hapa si matanga!"

Mjomba akawacheka. "Yeye hawezi piga mimi. Lakini mjomba iko na ruhusa ya kuchapa mtoto ya dada yake!" Akanifagia miguu, nikaanguka kama gunia la muhogo.

Kombe likaenda Ajia. Mwalimu aliniinua, akasema tu, "Umesalimu vizuri."

Nilinuna muda mrefu. Kisha mama yangu akafariki, na wa kwanza kufika alikuwa mjomba yule, kwa baiskeli, jembe la kuchimbia kaburi limefungwa kwenye keria.

Filamu ikizidi urefu, mama, kata mateke.

Babu yako,
Abdu