Kwa Salome, Kuhusu Wanamaji wa Bolivia

Mwanangu Salome,

Barua hii wataisoma watu wengine kabla haijakufikia, na nimetaka iwe hivyo. Wanafunzi wangu wa zamani nimewaomba waiweke kwenye kundi lao la simu, na nakala nyingine nimeituma gazetini. Ningeweza kukupigia. Lakini simu zetu unazijua: "Shikamoo baba. Umekula? Dawa umekunywa?" Nami naitikia marahaba, nimekula, nimekunywa. Kisha unanitakia siku njema na kukata. Hujawahi kunivunjia heshima hata siku moja, na ndani ya heshima hiyo sijapata mahali pa kupenyeza neno.

Tena, nilikuaibisha mbele ya darasa zima. Haifai nikuombe radhi kwa kukunong'oneza.

Daktari wa hapa Ikungi ameniambia moyo umechoka. Alizunguka sana kabla ya kulisema, mpaka nikamwambia, "Daktari, mimi ni mwalimu. Nimesoma matokeo mabaya mbele ya watu miaka mingi. Soma tu." Akacheka, akasoma. Kwa hiyo naandika asubuhi, aya moja au mbili, nikichoka naweka kalamu.

Ulikuwa kidato cha pili. Tulikaa Singida mjini, kwenye zile nyumba za walimu ambazo upepo ulikuwa ukiinua mabati kila Agosti. Asubuhi tulitoka wote wawili, ukiniita baba njia nzima, na tukilivuka geti la shule unaniita mwalimu. Sheria hiyo niliiweka mimi. Ukikosea nilikuadhibu kama wengine, na kukuongezea kidogo, ili mtu asiseme nampendelea binti yangu. Watoto wa walimu wa zama zile wanaijua hiyo nyongeza.

Lakini jioni ulikuwa mtu mwingine. Ulinifuata jikoni, uani, hata nikiwa nimeshika kopo naelekea kuoga. "Baba, mbona Ziwa Kindai lina chumvi na kisima chetu hakina?" "Baba, mto ukikauka njiani maji yake yanakuwa yameenda wapi?" Mama yako akikugombeza, "Mwache baba yako apumue," unamjibu, "Anapumua huku anajibu, mama." Ulisema ukimaliza shule utafundisha jiografia. Nilijidai sikusikia. Nilisikia, na kesho yake nilitembea kwenda shule kama mtu aliyepandishwa cheo.

Siku ile tulikuwa na somo la nchi zisizo na bahari. Nilifundisha kwa daftari nililotoka nalo chuoni, kingo zake zimeliwa na mende, na kila mwaka nilinakili ubaoni maneno yale yale. Bolivia ilikuwa na mistari minne: iko Amerika ya Kusini, ina milima mirefu, inachimba bati na fedha, haina bahari. Ubao ulikuwa na nafasi chini. Nikaongeza kwa akili yangu mwenyewe: "Kwa hiyo haina jeshi la wanamaji." Hakuna aliyeniuliza habari za wanamaji. Nilitaka tu kujaza ubao.

Ukanyoosha mkono.

"Mwalimu, Bolivia wana jeshi la wanamaji."

"Nani kakudanganya?"

"Nimesoma, mwalimu."

"Wapi?"

Ukatoa kwenye daftari karatasi iliyokunjwa mara nne, ina madoa ya manjano. Nyote mtakumbuka duka la yule mzee wa Kihindi karibu na stendi, alivyokuwa akifungia viungo kwa kurasa za magazeti ya zamani ya Kiingereza. Mama yako alikutuma bizari, ukarudi na bizari na Bolivia.

Hapa ndipo ninapoona haya, mwanangu, kuliko yote yatakayofuata. Nilikuwa nafundisha kwa Kiingereza, kama sheria ilivyotaka. Nikahamia Kiswahili ili kicheko kiwafikie wote. Nikaiinua ile karatasi juu. "Angalieni! Mimi nimepoteza miaka chuoni, kumbe ningekwenda dukani kununua bizari!" Darasa likaangua. Nikaona bado halijatosha. "Haya tuambie, hao wanamaji wako wanapigana na nani huko milimani? Na vyura?"

"Na kambale, mwalimu!" Mathayo akadakia kutoka nyuma.

"Basi Salome awe jemadari wao. Ziwa Singidani analo, kambi ajenge."

Nikakuamuru usimame mpaka kipindi kiishe kwa kosa la kubishana na mwalimu. Karatasi nikaitia mfuko wa shati. Hukulia. Ulitazama ubao, pale nilipoandika ule mstari wa mwisho, na ukaunakili daftarini ukiwa umesimama, kwa sababu kila kilichokuwa ubaoni lazima kinakiliwe. Kabla ya kengele ya mwisho walikuwa wameshakupa jina: Nevi, kile Kiingereza cha jeshi la wanamaji.

Watu wanaweza kusema, mzee, hukujua, mwalimu naye ni binadamu. Nisingehitaji kuandika barua kama ingekuwa hivyo. Saa nne, wakati wa chai, nilikaa nyuma ya ofisi ya walimu nikaisoma ile karatasi. Kulikuwa na picha ya vijana waliovaa sare nyeupe wakitembea kwa gwaride, nyuma yao ziwa, nyuma ya ziwa milima yenye theluji. Maelezo yalikuwa wazi: wanamaji wa Bolivia. Nikasoma mara ya pili, safari hii nikitafuta kosa la Kiingereza, nipate pa kushikia. Sikulipata. Nikaenda jikoni nikaisokomeza chini ya sufuria ya chai. Mama mpishi akanitania, "Mwalimu, unachoma mtihani?" Nikamwambia, "Takataka tu."

Jioni ulinikuta uani, una ndoo ya maji mkononi. "Baba, naomba ile karatasi yangu."

Nikakujibu, "Nyumbani hatuzungumzi mambo ya darasani."

Ukaweka ndoo chini. Ukasema, "Basi, mwalimu, naiomba." Ulinihamishia darasani pale pale uani, kwa adabu, macho chini. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekusifu kwa akili hiyo.

Nikasema, "Imepotea."

Tangu hapo hujaniuliza tena swali la "Baba, mbona". Nikajiambia mtoto amekua. Ulifaulu vizuri, ukachukua masomo ya sayansi, ukaenda kusomea maabara, na sasa uko Mbeya, wanakusifu. Niliwahi kukuuliza kwa nini maabara, ukaniambia, "Huko jibu linatoka kwenye hadubini, baba, halitoki mdomoni mwa mtu." Niliitikia kwa kichwa kana kwamba umenieleza habari za hali ya hewa.

Lipo jingine ambalo hulijui, ambalo hata mama yako hakulijua. Mwaka uliofuata nilipofika kwenye somo lile niliukata mstari wa wanamaji kimyakimya. Mwaka uliofuata tena, nikaanza kuutumia. Nilisimama mbele ya darasa nikauliza, "Nani anajua kwamba Bolivia haina bahari lakini ina wanamaji?" Watoto wakashangaa. Wakasema mwalimu huyu amesoma. Mkaguzi mmoja alikaa nyuma siku hiyo, akaandika kwamba nina maarifa mapana. Sifa ile ilitoka kwenye karatasi yako ya bizari, Salome, na niliipokea kwa mikono miwili mpaka nilipostaafu.

Mama yako alijua habari ya kuchomwa. Mpishi alikuwa rafiki yake. Hakukwambia, kwa sababu hakutaka ukue ukimdharau baba yako. Alipolala kitandani mara ya mwisho, siku niliyokuwa namlisha uji, alikisogeza kijiko kando akaniambia kwa Kinyaturu, taratibu, kwamba amechoka kunibebea. Kisha kwa Kiswahili, kana kwamba anataka hata ukuta usikie: "Baba Salome, mwambie mtoto. Mwambie mwenyewe." Nikamwahidi.

Tukamzika. Ulikuwepo, umekaa mkekani na shangazi zako. Mathayo akaingia, sasa ni baba mzima mwenye kitambi na ndevu, akawapa pole wote, na alipokufikia akasahau msiba. "Nevi! Kumbe bado upo! Kambale hawajambo?" Watu wawili watatu wa rika lenu wakacheka chini chini. Nawe ukatabasamu, ukatazama mkeka, ukasema, "Hawajambo, asante kwa kuja." Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nilikuwa nimemwahidi mama yako, na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi. Sentensi moja ingetosha: Mathayo, huyu alikuwa sahihi, na mimi nilijua. Nikakohoa, nikaomba maji.

Simlaumu Mathayo. Alicheka kwa sababu mwalimu alimfungulia mlango.

Sasa nataka nilifundishe upya somo lile, kwa haki, maana tangu msiba nimeisoma Bolivia kuliko nchi yoyote. Macho hayaoni vizuri, nimekuza herufi kwenye simu mpaka maneno matatu yanajaza kioo.

Bolivia iko katikati ya Amerika ya Kusini, imezungukwa na Brazil, Paraguay, Argentina, Chile na Peru. Upande wa magharibi ni milima ya Andes na uwanda wa juu wenye baridi na upepo, ambako hata mtu aliyezaliwa Singida angejifunika blanketi mbili. Upande wa mashariki nchi inateremka mpaka misitu ya joto na mito mikubwa inayokwenda kuungana na Amazon. Mji mkuu wa katiba ni Sucre, lakini serikali inakaa La Paz. Hilo sisi Watanzania hatuna haja ya kufafanuliwa, tuliokuwa tukiandika Dodoma kwenye mtihani wakati barua zote za wizara zinatoka Dar es Salaam. Watu wake wengi ni wa makabila ya asili, Waaymara na Waquechua, nao wanazungumza lugha zao nyumbani na Kihispania ofisini, kama sisi na Kinyaturu chetu. Wanawake wa kule milimani wanavaa marinda mapana na kofia nyeusi za duara, na kofia hizo zinakaa kichwani bila kufungwa.

Lipo jangwa la chumvi linaloitwa Uyuni, kubwa kuliko yote duniani, jeupe hata linaumiza macho. Ungeniuliza maswali mwezi mzima kuhusu chumvi ile. Chini yake kuna madini ya lithiamu ambayo dunia nzima sasa inayataka kwa betri. Zamani ilikuwa fedha ya Potosí, na waliochimba walikufa wengi na kuzikwa maskini. Na viazi: wanavianika usiku barafu iviume, mchana jua livikaushe, wanavikanyaga kwa miguu maji yatoke, kisha vinakaa ghalani miaka. Niliposoma hapo nilisikia sauti yako ya zamani kabisa ikisema, kumbe nao wana michembe yao, kama sisi na viazi vitamu vyetu vya kukausha.

Bahari walikuwa nayo. Waliipoteza kwa Chile vitani, zaidi ya karne moja iliyopita. Lakini jeshi la wanamaji wanalo mpaka leo. Linalinda mito na Ziwa Titicaca, ziwa kubwa lililo juu sana milimani, na kila mwaka nchi nzima ina siku ya kuikumbuka bahari, na watoto wa shule wanatembea kwa gwaride. Wanaifundisha kila kizazi kwamba kulikuwa na kitu na kilichukuliwa. Niliuliza kama wanapigana na vyura. Watu wazima wanaotembea na msiba wao kwa sare safi, mimi niliwageuza kichekesho ili nisionekane sijui.

Ulikuwa sahihi, Salome. Ulikuwa sahihi siku ile, saa ile, ukiwa umesimama. Mimi nilijua ulikuwa sahihi kabla chai haijachemka, nikachoma ushahidi wako, nikakudanganya uani, kisha nikauza maarifa yako kama yangu. Nilikuwa mwalimu aliyeogopa mtoto wa miaka kumi na minne mwenye karatasi. Nilimpoteza mwalimu mwenzangu wa jiografia ambaye angekuwa bora kuliko mimi, na nilimpoteza mtoto aliyekuwa ananifuata mpaka mlango wa bafu.

Nanyi mliosoma naye mnaoisoma barua hii: lile jina mliache. Kama mtu hawezi kuliacha, basi alitamke akijua maana yake, kwamba alikuwepo msichana mmoja darasani aliyesema kweli.

Sikuambii uje Ikungi kwa sababu naumwa. Dada wa jirani ananipikia, dawa nakunywa, usiwe na wasiwasi. Wala sitaki unisamehe haraka haraka kwa kuwa mimi ni mzee na dini inasema hivyo. Kaa nayo barua, uipime kama unavyopima damu ya watu, bila kunionea huruma.

Nina ombi moja tu, na kwangu ndilo kubwa. Nimeandika hapa mengi kuhusu Bolivia kwa macho mabovu na kichwa kinachosahau, na kwa hakika kuna mahali nimekosea. Wewe utapaona. Ukipaona, usikae kimya kwa heshima. Andika kwenye lile kundi, mbele yao wote: baba, hapa umekosea.

Nitashukuru. Nitawaambia wote kwamba nimeshukuru.

Baba yako
Ikungi