Chumba Kina Mwenyewe

3 Februari 1986

Mdogo wangu Kijiko,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama una mafua basi yawe ya kawaida tu. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi unajifanya ndio mkubwa wa nyumba. Kibanda changu cha kunyolea kinakwenda. Vijana hawataki tena kunyolewa, wanataka kupunguzwa kidogo pembeni, halafu wanajitazama kwenye kioo mpaka wateja wengine wananuna.

Nina neno. Najua mwisho wa Machi unastaafu huko jikoni hospitalini. Sasa kuna fundi saa, mgeni hapa mjini, mtu mpole asiye na makuu, anataka kupanga chumba cha mbele, kile tulicholala tukiwa watoto. Nimemwambia asubiri kwanza niulize, maana nyumba hii Baba na Mama walituachia sote wawili. Yeye anataka jibu kabla ya Aprili. Kwa hiyo niambie bila kuzunguka: unarudi au hurudi?

Chumba nakipaka rangi upya kwa vyovyote vile. Narudisha ile buluu yake ya zamani.

Kaka yako,
Kinyozi

14 Februari 1986

Shikamoo Kaka,

Mafua sina. Huo mgongo ukande kwa maji ya moto, na uache kubeba ndoo mbili mbili kama kijana anayetafuta mchumba. Mimi bado napikia wagonjwa. Daktari mkuu anasema nikiondoka watapona haraka, kwa sababu hakuna atakayekubali kula chakula cha atakayenifuata.

Lakini Kaka, buluu umeitoa wapi? Chumba kile kilikuwa kijani! Nimelala humo tangu kuzaliwa mpaka naondoka, kila nikifumbua macho naona kijani. Na kwenye kijani kile ndiko nilikojifunza kusoma, maana Baba alikuwa akijaribia herufi zake ukutani kabla ya kwenda kuandika bango la mtu. Neno la kwanza nililolisoma maishani mwangu ni NYAMA. Mambo ya namna hiyo mtu hasahau.

Kuhusu fundi saa, bado nafikiri.

Mdogo wako,
Kijiko

2 Machi 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikuuliza habari ya kurudi, ukanijibu habari ya rangi. Ndivyo ulivyokuwa hata utotoni, ukiulizwa nani kavunja kikombe unasema mvua itanyesha.

Haya, tumalize la rangi. Nimechukua kisu nikakwangua chokaa kwenye ukuta wa mlangoni, na chini yake nimekuta buluu. Kipande nimekutilia humu kwenye bahasha ujionee mwenyewe. Tabu ni kwamba watu wamenisikia nikikwangua. Seremala wa jirani kaingia na patasi yake mkononi, akatangaza kwamba chumba kilikuwa waridi. Muuza maziwa naye kasema njano. Mkunga mstaafu, yule wa nyumba ya pili, aliagiza aletewe kiti, na tangu hapo hajaondoka ila kwenda kulala. Nyumba imekuwa kama mahakama, na kibandani wateja wananisubiri na sabuni mashavuni.

Fundi saa kapita tena jana. Unarudi?

Kaka yako

11 Machi 1986

Shikamoo Kaka,

Natumaini mko salama, wewe na mahakama yako. Kipande kimefika kimepondekapondeka, lakini ni buluu, sibishi. Sasa nenda kakwangue upande wa dirishani, kwenye kitanda changu, halafu tuzungumze.

Hilo jingine nimelikwepa vya kutosha, nawe umeshanijua. Kaka, naogopa. Nimeondoka hapo nikiwa msichana, leo nina wajukuu. Hapa nikitoka mlangoni muuza mboga ananiita kwa sauti, na watoto wa ghorofa ya chini wananizingira wakitaka peremende. Huko nitapita barabarani watu wanong'one, yule mama ni nani? Wakati wa msiba wa Mama nilifika, wasichana wawili wakanipokea kwa adabu zote, wakanionyesha mahali wanapokaa wageni. Nyumbani kwetu, Kaka! Nilikaa. Sikukuambia, lakini iliniuma kuliko nilivyoweza kusema siku ile.

Huyo fundi saa mpe tu chumba.

Mdogo wako

20 Machi 1986

Kijiko, mdogo wangu wa pekee,

Leo salamu ni fupi: sote wazima. Kaa chini usome.

Nimekwangua dirishani. Ni kijani. Ukuta wa nyuma ni waridi mpaka katikati, juu yake njano. Seremala na muuza maziwa walishikana mikono kama timu mbili zilizotoka sare. Mkunga ndiye aliyetufumbua macho. Anasema Baba hakuwahi kununua rangi ya nyumba hata siku moja. Alipaka kwa mabaki ya kazi zake, na kopo likiisha katikati ya ukuta, basi, hadithi imekwisha. Kijani chako kilibaki alipoandika bango la bucha kule machimboni, alikozaliwa yeye. Buluu yangu ni ya stesheni ya kwao Mama.

Na ulijua habari ya stesheni? Mimi sikuijua. Baba aliitwa kuandika jina kwenye ubao wa stesheni, kazi ya siku mbili. Ikachukua mwezi mzima, maana kila akimaliza herufi moja koo linamkauka, na maji ya kunywa alikuwa nayo binti wa mkuu wa stesheni. Mkuu wa stesheni alipokuja kushtuka, ubao haujaisha na posa imeshaletwa. Mkunga alisimulia huku akicheka mpaka tukamshika asianguke. Mimi nilicheka, halafu nikatoka nje nikalia kidogo. Sitini na mbili nimefikisha, na sikujua kwamba nimelala utoto wangu wote ubavuni mwa siku ile waliyokutana.

Sasa sikia jambo ninalotaka kukuambia. Chumba kile kilijaa watu siku nzima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wewe ni nani. Seremala alitazama kijani akasema, "Si huu ndio ukuta alioegemea Kijiko ukiwa mbichi, akaenda shule na NYAMA mgongoni imeandikwa kinyumenyume?" Muuza maziwa anauliza kama bado unapiga mluzi. Mkunga anasema wewe ndiye mtoto pekee aliyewahi kumng'ata wakati anazaliwa, nami simwamini, lakini yeye anaapa. Wale wasichana wa msibani ni wa juzi, dada'ngu. Hawakujua. Sisi tunakujua.

Nami nikwambie waziwazi, maana kwenye familia yetu mtu anaweza kuandika kurasa kumi za rangi asiseme lililo moyoni. Nakutaka nyumbani. Tangu Mama afariki nakula peke yangu, na nimechoka kujisimulia vichekesho ambavyo mwisho wake naujua. Fundi saa nimemwambia chumba kina mwenyewe. Uje au usije, jibu langu kwake ni hilo. Niandikie upesi.

Kaka yako akupendaye

4 Aprili 1986

Shikamoo Kaka,

Natumaini ulisafiri salama na basi halikuumaliza mgongo wako. Mimi mzima wa afya. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwetu, nimekaa chumba cha mbele. Na wewe, kama seremala hakunidanganya, uko kwangu.

Kaka, ni nani alikutuma? Barua yako niliisoma nimesimama jikoni mpaka supu ikaungua, siku yangu ya mwisho kazini! Nikaona nikikaa kuandika jibu, barua na mimi tutapanda basi lile lile, kwa nini nisije nikasema mwenyewe? Kumbe na wewe subira ilikushinda, ukafunga kibanda ukaja kunichukua. Nadhani tulipishana pale mabasi yanaposimama ili abiria wale chakula. Niliona kwenye basi la upande wa pili mzee amelala kinywa wazi, shavu limebanwa kwenye kioo, nikamhurumia sana mkewe.

Kushuka tu, kabla sijaweka mzigo chini, seremala kaniita kwa jina toka mwisho wa barabara, akapotea kwenda kumwita mkunga. Jana nzima nyumba haikupumua. Nimeongea mpaka sauti imekauka. Muuza maziwa nimempigia mluzi, kakubali ni mimi. Wateja wako walikuja wakakukosa, wawili nimewanyoa mwenyewe. Ukirudi usiulize.

Bahasha hii nimeandika anwani yangu mwenyewe, nikajicheka. Jirani wa ghorofa ya chini atakupa, pamoja na ufunguo. Kula, lala, pumzisha mgongo. Halafu usikawie huko ugenini, Kaka. Rudi nyumbani. Tunakusubiri.

Dada yako,
Kijiko