Baba, Kura Ulizitawanya Kama Ng'ombe

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulinikataza kuanza kuzungumza na mzee kwa neno lingine lolote, hata nikiwa na hasira. Na leo ni zaidi ya hasira, baba, nasikia kinyaa. Ile njia ya ng'ombe ya kwenda ziwani Basotu imelimwa. Trekta limepita juu yake, sasa pameota ngano. Baraza la madiwani lilipitisha kwa kikao kimoja, na hakuna hata mmoja aliyesimama kuuliza mifugo itakunywa wapi.

Kiti kwenye baraza hilo ndicho ulichokuwa unakitafuta. Wewe hukutaka gari wala posho. Ulitaka mtu mmoja tu wa chama chetu kidogo aingie kwenye lile baraza, awe wewe au mwingine, aseme njia hii isiguswe.

Unakumbuka tulivyozunguka kwenye kampeni? Wewe mbele na fimbo, mimi nyuma na bendera na spika ya kuazima, inakoroma kuliko inavyoongea. Katibu wetu alikushauri tukazane Dirma tu, kwenye maboma ya ndugu zetu, tushike kata moja. Ukamcheka. "Wewe unaweka ng'ombe wote boma moja? Ugonjwa ukiingia je?" Ukasimamisha mgombea kila kata tuliyoweza kufika, na kila kata ukatafuta watu wako wachache, vile vile ulivyokuwa unaweka ng'ombe kwa rafiki zako: mmoja huku, wawili kule, rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako. Mimi niliona una akili kuliko katibu. Tangu nizaliwe sijaona mtu wa kwetu akiweka mali yake yote mahali pamoja.

Matokeo yakaja. Huku tukawa wa pili, kule wa pili, kwingine wa tatu. Ukavaa shuka lako jipya, ukanichukua, tukaenda kwa msimamizi wa uchaguzi, kijana mgeni aliyeletwa kikazi kutoka mkoa mwingine. Ukamwomba kwa upole azikusanye sasa.

"Nikusanye nini, mzee?"

"Kura zangu. Za Dirma, za Basotu, za kote. Ziweke pamoja uone kama hazitoshi kiti kimoja."

Alikutazama, akaona hufanyi mzaha. "Mzee wangu, kura za kata hii haziendi kata nyingine."

"Sasa zinaenda wapi?"

"Haziendi popote."

Hukumgombeza. Ulikaa kwenye benchi pale nje, ukaniuliza mimi tena lile swali, kana kwamba labda Kiswahili cha yule kijana hukukielewa vizuri.

Aliyeshinda kata yetu nilikutana naye mnadani, kati ya wauza mitumba, anakula nyama choma. "Mzee wako alikuwa na watu, ila aliwamwaga ovyo," akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Nilitaka kumtemea mate. Nikakumbuka kwetu mzee akikutemea mate amekubariki, basi nikayameza, nisije nikamfaidisha bure.

Najua ungesema wilaya nzima ipige kura kwa pamoja. Nami nilikuwa naimba hivyo hivyo, mpaka jumuiya yetu ya watumia maji ilipojaribu. Vijiji vyote pamoja, kila mtu achague wajumbe wote. Loo! Kijiji chenye watu wengi kilichagua watu wake kuanzia mwenyekiti hadi mjumbe wa mwisho, sisi wa vijiji vidogo tukaishia kupiga makofi. Wakitugawa kata kata tunatawanyika, wakituweka pamoja tunamezwa, maadamu mkubwa anaruhusiwa kubeba vyote. Msibani ng'ombe akichinjwa kila aliyekuja anapata kipande chake, hata kiwe kidogo. Wanashindwa nini kugawa viti hivyo hivyo, kwa kadiri ya kura za kila chama? Hawashindwi, hawataki tu.

Sasa nikwambie habari ya ng'ombe. Baada ya kukuzika, mimi na baba mdogo tulizunguka kuwakusanya. Nilidhani tutadanganywa, maana mwenye mali hayupo. Basotu, yule mama mjane uliyemwekea jike jekundu alitutolea jike na ndama wake wawili. "Hawa wamezaliwa hapa kwangu, lakini ni wa baba yenu." Tukamwachia ndama mmoja, akalia. Wakati tunaondoka akanishika mkono. "Na kura yangu nilimpa mzee. Ilifika?" Baba, nilimwambia ilifika. Ningemwambia nini?

Tukapanda mpaka kijiji cha Daudi, kwa rafiki yako wa kabila la Wairaqw, wilaya nyingine kabisa. Ng'ombe wako kwake alikuwa amekufa kwa ugonjwa. Yule mzee aliingia ndani akatoka na ngozi, ameikausha na kuitunza miaka yote hiyo, akaitandaza mbele yetu ili tumtambue kwa madoa yake. Baba mdogo aliipapasa, akasema ni yeye. Hatukudaiana kitu, tukanywa chai.

Ng'ombe wako wote sasa wako nyumbani, wanazungushwa mbali kutafuta maji. Na katibu amekuja, anataka nigombee mimi safari hii. Dirma tu, kata moja, Basotu tusipeleke hata bendera. Nimekubali, baba, kwa sababu ndivyo wanavyohesabu, na kukubali huko ndiko kunakonitia kinyaa kuliko yote. Itabidi niende kwa yule mama nimwambie kwamba safari hii hatuna mgombea kwake, na kwamba kuhusu ile kura yake ya kwanza nilimdanganya. Ataniuliza ilikwenda wapi.

Ng'ombe aliyekufa kule Daudi, ulirudishiwa ngozi yake. Kura zako, baba, hata ngozi hawajanionyesha.

Pumzika. Njia nitaidai.

Binti yako, aliyekubebea bendera.