Tovuti ya Viatu Inayolala Chumbani kwa Shemeji

Mpendwa Mshauri,

Pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu, na naomba unipokee na huu wangu, maana nimeuzungusha kichwani mpaka nimechoka na nyumbani hakuna wa kumwambia, kila ninayemfikiria ama ni ndugu wa marehemu ama ni mtu atakayeniona mpumbavu kwa kulilia tovuti.

Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikuwa fundi viatu, lakini si viatu vya kawaida, alishona vya watu ambao miguu yao hailingani, mmoja mfupi na mwingine mrefu, au kisigino kimepinda, au vidole havipo, wale ambao madukani huambiwa "saizi yako hatuna" wakaondoka wameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nakata ngozi na kushona sehemu ya juu, yeye anachonga kalibu, lile umbo la mguu la mbao tunaloshonea kiatu juu yake, na kuinua soli, tukakaa hivyo meza moja tukigombania mkasi, mpaka alipougua kifua na kuniacha. Kazi naijua na ninaendelea nayo, hilo silo linaloniliza.

Kinachoniliza ni tovuti. Wateja wetu wengi wako mbali, hawawezi kuja kupimwa, kwa hiyo marehemu na mdogo wake, yaani shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Nyaya kwa sababu tangu utotoni hakuna redio aliyoiacha salama, walikaa wakatengeneza tovuti ambayo mteja akiingia anamwona marehemu kwenye video anamwelekeza namna ya kujipima, vua soksi, weka karatasi sakafuni, simama kwa miguu yote miwili, usiegemee ukuta, na hapo katikati anakohoa, anasema "samahani", anacheka, kisha anaendelea. Mteja anatuma vipimo na picha hapo hapo, mimi napokea naanza kukata. Na tovuti yenyewe haitunzwi na kampuni kama za wenzetu, iko kwenye kompyuta moja chumbani kwa Nyaya, chini ya dirisha, hiyo ndiyo seva yetu, kwa sababu marehemu alikuwa akisema kwa nini amlipe mgeni amtunzie kitu wakati ndugu yake wa tumbo moja yupo. Jina la tovuti limeandikishwa kwa Nyaya, pasiwedi anayo Nyaya, mimi hata mlango wake siujui.

Kaka yake alipokuwa hai mambo yalikwenda. Baada ya mazishi tovuti ikaanza kupotea, leo ipo kesho haipo, mteja mwenye namba yangu anaandika "mama, ukurasa haufunguki", nampigia Nyaya ananiambia ni umeme, nikipiga tena ananiambia ni mtandao, nikimwambia basi shemeji tutafute kampuni itutunzie, anasema atanipigia, na hapigi. Habari zikamfikia mama mkwe, akaniita, akaniambia taratibu tu, "Mwanangu, huyu ndiye mtoto niliyebaki naye, na hiyo kazi ya kaka yake ndiyo inayomwamsha kitandani. Ukimnyang'anya, utanipa nini cha kumwamshia?" Ungekuwa wewe, Mshauri, ungejibu nini?

Basi kuna mama mmoja, mteja wa zamani, ana binti ambaye mguu wa kushoto ni mfupi na sisi ndio tunaomshonea tangu alipoanza kutembea. Mtoto anakua, na kila akirefuka soli lazima ipimwe upya. Yule mama akajaribu kutuma vipimo, ukurasa haufunguki, akajaribu tena, haufunguki, akadhani tumefunga kwa sababu ya msiba, akaona haya kumsumbua mjane, akampeleka mtoto kwa mtu wa kubandika vipande vya mpira chini ya kiatu cha dukani. Kipande kikabanduka mtoto akiwa kwenye ngazi za shule, akaanguka, akavunjika mkono. Yule mama aliponipigia hakunilaumu hata kidogo. Alinipa pole ya kufiwa, na hiyo pole ndiyo iliyonimaliza.

Nikatoka hapo hapo kwenda kwa Nyaya bila kumwambia, njia nzima napanga maneno makali. Nilimkuta amekaa kitandani, feni inazunguka, umeme upo, na kompyuta imezimwa, waya umechomolewa ukutani, na juu yake amefunika aproni ya ngozi ya marehemu. Nikamuuliza, "Shemeji, nani amezima?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Inapata joto, shemeji. Siku hizi inakoroma. Video ya kaka iko humu tu, ile simu tuliyorekodia si ilipotea hospitali? Ikiungua, basi. Kwa hiyo naipumzisha."

"Si utoe nakala?"

"Nitatoaje? Niiguse, iharibike mikononi mwangu?"

Nikamwambia watu wanatutafuta hawatupati, nikamwambia mtoto wa watu ameanguka, akaanza kulia, akasema, "Wewe unataka wateja, shemeji. Mimi namtaka kaka." Mshauri, nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa vyote viwili, nikatoka mle ndani na nilipofika barabarani nikajiona nimeshika ile aproni, sijui hata niliichukua vipi. Mpaka leo ninayo.

Nimeulizia kampuni. Ya kwanza alikuja kijana wao karakana, mdomo asali, kila kitu hakina kikomo, bei ya kamba za viatu, "saini leo mama, kesho bei inapanda", na nilipomuuliza nakala zinawekwa wapi akacheka akasema nisijali. Ya pili ni ghali kidogo, dada aliyepokea simu hakuwa na maneno matamu, aliniuliza jina la tovuti ni la nani, pasiwedi anayo nani, nakala iko wapi, mawili nilijibu "shemeji", la tatu nikajibu "haipo", nikaona aibu nikakata simu. Nichague ipi? Na nitaitoaje tovuti kwa Nyaya bila kumuua? Au niachane na tovuti nibaki na wateja wa mlangoni? Nakuambia na hili, hata mimi tangu tumzike sijaifungua ile video. Nikiwa nashona naogopa hata mteja asije akaifungua mbele yangu.

Ni mimi,
Mjane wa Fundi Viatu

MSHAURI ANAJIBU

Mama Viatu,

Pole sana. Pole ya mume, halafu pole ya shemeji, maana huyo naye yuko msibani bado na wewe umekuwa ukimpigia simu kuuliza habari za umeme. Barua yako imenipozea chai na sikudai. Sasa jifute uso tugombane kidogo.

Hivi ninyi watu mnaopima mguu wa kushoto peke yake na wa kulia peke yake, mliwezaje kuchukua kitu kinacholisha nyumba mkakiweka chini ya dirisha, pasiwedi kichwani kwa mtu mmoja, bila nakala hata moja? Marehemu, Mungu amrehemu, kwa hili alikosea, na nasema hivyo nikijua alikosea kwa mapenzi. Ndugu anaugua, ndugu anafiwa, na akifiwa ana haki ya kulala na kufunga mlango. Seva ya duka haina haki hiyo. Ndiyo maana watu wanalipa wageni.

Na wewe usinitilie chumvi. Unaniandikia kama vile Nyaya anamlilia kaka na wewe unalilia biashara. Mwanamke aliyetoka na aproni ya mumewe bila kujua ameishika hanidanganyi. Shemeji yako ameogopa sauti isije ikapotea, wewe umeogopa kuisikia, na katikati yenu kuna mtoto amevunjika mkono. Sikusemi ili uumie zaidi. Nakusema kwa sababu ninyi wawili mmefiwa na mtu mmoja na kila mmoja anamlilia chumbani kwake.

Fanya hivi. Kabla ya kampuni yoyote, nakala. Wiki hii hii, usiniletee habari za kujipanga. Kompyuta inayokoroma haisubiri mtu ajikaze. Nenda na fundi wa kompyuta asiye wa ukoo, ambaye mkono wake hautatetemeka, na Nyaya awe amekaa pembeni akiona kila kinachofanyika. Nakala moja ibaki mikononi mwa Nyaya, nyingine kwa mama mkwe, nyingine kabatini karakana. Fundi akimaliza atataka kuhakikisha kama video inafungua. Usitoke nje. Kaa karibu na shemeji yako muisikilize mpaka mwisho, na ikifika pale anapokohoa na kucheka, lieni tu, fundi atavumilia.

Hapo ndipo umwombe Nyaya akuandikishie jina la tovuti na akupe pasiwedi, mbele ya mama yake, kwa heshima, bila kumshtaki. Mwenye duka ni wewe. Jina la duka haliwezi kuwa mfukoni mwa mtu mwingine, hata awe malaika.

Kuhusu kampuni, nakushangaa. Mteja akija kwako unampima kwanza au unamuuzia kwanza? Yule dada wa maswali alikuwa anakupima mguu, na wewe ukamkatia simu! Yule wa mdomo asali alitaka kukuuzia kiatu bila kukuangalia miguu, mwache aende zake. Hata hivyo, usimwamini dada kwa sababu tu amekutisha. Mpigie siku ya mapumziko, wakati ofisi za watu zimefungwa, usikie kama mtu anapokea au simu inaita yenyewe. Muulize nakala wanatoa mara ngapi na wanaziweka wapi, na zisiwe kwenye mashine ile ile, hilo mmeshalionja. Omba akukutanishe na mteja wao ambaye tovuti yake iliwahi kuanguka, huyo ndiye atakayekueleza waliinyanyua vipi, maana aliyekaa salama siku zote hana la kukusimulia. Na uliza siku ukitaka kuhama utaondoka na vyako vyote au watakushikia. Akijibu bila kuzunguka, lipa, na usinung'unikie hiyo bei.

Kuachana na tovuti, hapana. Wale wanaoambiwa "saizi yako hatuna" watakwenda wapi? Lakini wakati mambo hayajatengemaa, wapigie wateja wa zamani mmoja mmoja, uwaambie duka lipo. Na kwa yule binti nenda mwenyewe, usingoje tovuti, ukampime ukiwa umepiga magoti mbele yake.

Limebaki swali la mama mkwe, na nimelifikiria kuliko mengine yote, kwa sababu ameuliza sawa. Utampa nini cha kumwamshia mwanawe? Mpe ule upande wa meza ulio wazi. Mtu aliyefungua kila redio ya mtaa hashindwi kujifunza kuchonga kalibu. Ataharibu ngozi, atakukera, atakugombania mkasi, na utalia siku ya kwanza atakapokaa pale. Mkalishe hivyo hivyo.

Na siku video itakapofunguka kutoka huko ilikohamia, wewe usiiguse ile kompyuta ya chini ya dirisha. Mwache Nyaya aizime kwa mkono wake, maana safari hii akiizima, kaka yake ataendelea kusema. Halafu mpe ile aproni, aivae, mrudi karakana. Kuna mtoto anasubiri kiatu.

Mshauri wako