Tuliyemwacha Njia Nne

Bukoba,
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Pili,

Salamu zangu nimezitanguliza mbele ya hasira yangu, maana vyote viwili nimevitia katika bahasha moja na nisingependa hasira ifike kwanza. Assalaam alaikum. Goti lako linasemaje? Na presha, unameza vidonge kila siku au unameza siku unayoumwa kichwa tu, kama kawaida yako? Nyumba ya marehemu dada yetu Somoe nani anaifungua madirisha asubuhi? Usiiache ikae giza. Nyumba za Kivinje zikifungwa mwezi mmoja chumvi ya bahari inakula bawaba zote.

Sisi huku tu wazima. Mvua imekatika, watu wanaanika kahawa kila penye jua, mpaka mbele ya mlango wangu. Nimekaa hapa miaka arobaini na ushei tangu Serikali iliponileta kufundisha, nimeoa hapa, nimestaafu hapa, na bado muuza ndizi ananiita Mswahili wa pwani. Mke wangu Zaituni anakusalimu sana. Jicho langu la kushoto, lile lililonipeleka Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji hata nikawa karibu msiba ulipotokea, limepona. Nasoma herufi ndogo za gazeti bila miwani. Naona vizuri mno, Pili, na siku ile niliona vizuri vilevile. Ndiyo sababu nakuandikia.

Juzi nilipokupigia ulinikatia simu. Ulisema, "Kaka, yale yamekwisha, yafunike, mtoto asijeharibikiwa kazi." Kisha ukakata. Barua huwezi kuikata. Utaisoma mpaka chini.

Nianze na mwanao Shabani na ile Kosta yake. Tulipanga kuondoka Mbagala saa moja asubuhi kuwahi maziko Kivinje. Tuliondoka saa nne na nusu, kwa sababu kila mtu alimsubiri mtu mwingine, na binamu yetu Hidaya alirudi nyumbani kufuata kanga aliyoisahau. Saa tatu na nusu tulizipoteza tukiwa tumekaa kitako. Halafu tukataka Shabani azirudishe kwa mguu wake wa kulia.

Tulisoma Fatiha gari likiwa limesimama. Nikafunga mkanda. Hidaya akacheka gari zima likasikia: "Kaka Selemani, unajifunga kama mbuzi wa akika? Nani atakuchinja humu?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini sikuufungua. Katika watu ishirini na saba nilikuwa peke yangu. Mikanda mingine ilikuwa imesukumwa chini ya viti, imeshika vumbi na maganda ya machungwa.

Baada ya Kibiti ulianza kupiga simu. Shabani aliiweka simu yake sauti ya juu mbele ya usukani, kwa hiyo sote tulikusikia.

"Mko wapi?"

"Tunaingia Ikwiriri, mama."

"Ikwiriri mpaka saa hizi? Unaendesha gari au unasukuma mkokoteni? Mama yako mkubwa anakusubiri wewe. Tunamtoa baada ya Alasiri, hatuchelewi hata dakika."

Nilihesabu. Kutoka Ikwiriri hadi Nangurukuru ulipiga mara tisa. Mara tisa, Pili, kwa mtu aliyeshika usukani. Na kila ulipopiga, gari liliongeza sauti.

Wapo waliojua kumtuliza, nao walikuwa askari wa barabarani peke yao. Malori yaliyotoka kusini yalituwashia taa mara mbili, Shabani akanyanyua kidole kushukuru, akapunguza mwendo, tukapita mbele ya askari taratibu kama gari la bibi harusi. Tulipokata kona tu, akakanyaga tena. Niliwahi kufundisha watoto wa namna hiyo, wanaoandika vizuri mwalimu anaposimama nyuma yao. Lakini wale walikuwa na penseli mikononi.

Akayapita malori kwenye mistari isiyoruhusu. Kila alipopita, nyuma wakasema, "Mashallah, kijana ana mkono huyu." Mtu mmoja akapiga makofi. Nasoma gazeti kila siku, na sentensi ni ile ile: dereva alikuwa katika mwendo kasi akijaribu kulipita gari lililokuwa mbele yake. Gazeti halijawahi kuandika kwamba abiria walikuwa wakimshangilia.

Na mimi niseme yangu. Mpaka Somanga sikufungua mdomo. Nilitazama saa yangu, nikaona tunawahi, nikafurahi. Miaka sita sikumwona Somoe. Nilitaka nimtupie mchanga mara tatu kwa mkono wangu. Sikuwa bora kuliko mpiga makofi.

Tulipoipita Somanga, karibu na Njia Nne, barabara inapanda kisha inakata kona. Mbele yetu lori tupu lilikuwa linajikongoja. Wewe ukapiga tena. Shabani akanyoosha mkono mmoja kwenye simu na kwa mkono wa pili akatoka kulipita lile lori, kilimani, asikoona. Basi kubwa likatokea juu yetu. Akarudi kushoto kwa nguvu, gari likaingia kwenye ukingo wa lami, na hapo ukingoni palikuwa na mtu na baiskeli, amepakia madumu mawili ya njano.

Sauti yake haikuwa kubwa. Kitu kama mlango wa kabati unaofungwa.

Nilikuwa kiti cha nyuma. Niligeuka. Madumu yamepasuka, maji yanatambaa kwenye lami, baiskeli iko upande huu na mtu yuko upande ule kwenye nyasi. Nikapiga kelele, "Simama! Shabani, simama!" Akapunguza. Kweli alipunguza, nitamshuhudilia hilo. Kisha kutoka katikati ya gari mtu akasema, wala sitaki kumtaja kwa kuwa umri wake unakaribia wangu:

"Maji hayo, siyo damu. Kaza mwendo, tutakosa maziko."

Na Shabani akasema, "Mjomba, ameinuka yule. Nimemwona kwenye kioo, amepunga mkono."

Hakuinuka, Pili. Hakupunga mkono. Mimi ndiye niliyekuwa natazama, kwa jicho lililotoka kutengenezwa. Hidaya akanishika bega akaniambia, "Kaka, soma dua." Gari zima likaanza kusoma dua, na tukaenda.

Tukafika Kivinje saa tisa na nusu. Tukakimbia na viatu mikononi. Na tulikuta nini? Wanaume wamekaa vibarazani wanakunywa chai. Kaburi halijafika kiunoni. Wachimbaji walikutana na mwamba tangu saa saba, wakatuma watu kutafuta mtaimbo mwingine. Wewe ulijua. Wachimbaji wenyewe waliniambia kwamba saa nane ulipelekewa habari kuwa si chini ya saa kumi na moja. Na baada ya saa nane ulitupigia mara nne. Nilipokuuliza uani, ulijibu, "Nilijua nikiwaambia mtazembea."

Tulimzika dada yetu karibu na Magharibi. Nilimtupia mchanga mara tatu. Kila nilipoufungua mkono niliyaona yale maji.

Asubuhi yake nilikuaga kwamba nakwenda kumwona rafiki wa zamani. Nilikudanganya. Nilipanda gari hadi Njia Nne, nikauliza dukani habari za mtu wa baiskeli, nikaelekezwa kwa bodaboda. Yule bodaboda akataka kunipakia pamoja na mama mmoja na gunia lake la mahindi. Nikamwambia nitatembea. Nikatembea.

Anaitwa Bakari Mbonde, Mmatumbi, mtu wa miaka hamsini hivi. Nilimkuta mkekani barazani kwake, mguu wa kulia umefungwa vibanzi kuanzia juu ya goti, umevimba na kung'aa. Aliponiona tu, kabla ya kujua mimi ni nani, akajiinua kwa kiwiko akasema, "Shikamoo, mzee." Na mimi, kwa mazoea ya maisha yangu yote, nikaitikia, "Marahaba." Nimelijutia neno lile kuliko yote niliyoyasema safari ile.

Nikamwambia. Sikuficha kitu. Mkewe alikuwa anachambua mboga, akaacha.

Bakari akauliza, "Mlikuwa mnawahi wapi?"

"Maziko. Dada yangu mkubwa."

"Mkamwahi?"

"Tulimwahi."

"Basi poleni na msiba," akasema.

Mkewe akasimama. "Unawapa pole wewe? Wao wamekupa nini? Baba, ninyi mlikuwa mnakwenda kuzika mtu mmoja, mkaona hatoshi?"

"Mwache mzee wa watu, amekuja kwa miguu yake."

"Kwa miguu yake, ndiyo. Anayo miwili."

Nikatoa kalamu.

Nilimwandikia Bakari namba za gari kwenye karatasi, na jina langu, na mahali ninapopatikana, nikamwambia akitaka kwenda polisi mimi ni shahidi wake. Maneno hayo bado yapo, hata kama aliyeshika usukani ni mtoto wa mdogo wangu. Yeye akaikunja karatasi. Akasema, "Polisi nitakwenda nikiweza kutembea. Kwa sasa nataka kumwona huyo kijana. Aje aniambie yeye mwenyewe kwamba nilipunga mkono."

Kisha akanionyesha shamba lake, liko nyuma ya nyumba tu. Mikorosho imeanza kuchanua. Unajua wakati huu ni wa nini. Isipopulizwa dawa ya salfa sasa, ugonjwa wa ubwiriunga utakausha maua na mwaka wake utakuwa umekwisha. Bomba la kupulizia linabebwa mgongoni, na mtu mwenye mguu ule hawezi kulibeba. Mkewe alijaribu alfajiri ile akaishia mkorosho wa tatu.

Sasa sikiliza, Pili. Najua Shabani si mtoto mbaya. Najua Somoe ndiye aliyemlea ulipokuwa unaumwa, na kwamba alikanyaga mafuta kwa sababu alitaka kumwona mama yake mkubwa kabla ya udongo. Lakini mguu wa Bakari haujui hayo. Hidaya ameniambia kwamba siku ya arobaini gari ni lile lile, dereva yule yule, na kwamba safari hii mtaondoka mapema. Hamtaondoka mapema. Mtasubiri kanga ya mtu, halafu utapiga simu.

Mimi gari lile sitalipanda. Na ninakuambia kama kaka yako, mkubwa uliyebaki naye: Shabani asimbebe mtu yeyote wa ukoo huu mpaka awe amekwenda kwa Bakari Mbonde, amekaa chini, amesema kweli, kisha amebeba lile bomba mpaka mkorosho wa mwisho. Zimebaki wiki tatu kabla ya arobaini. Somoe hatahitaji biriani yetu ikiwa ile barabara imebaki vile tulivyoiacha.

Unakumbuka baba alipofariki? Nilipata simu ya maandishi, ile ya posta, siku ya nne. Masika ilikuwa imekata njia, Rufiji watu wanalala siku mbili wakisubiri pantoni. Nilifika kwenye arobaini, ndevu zimejaa tope. Mama alinishika uso akasema, "Umefika mzima," akanipa maji ya kuoga. Hakuna aliyenisubiri, na hakuna aliyenilaumu. Baba alizikwa na waliokuwapo. Leo tuna lami mpaka mlangoni na simu kila mfukoni, na tumezifanya fimbo za kumchapia dereva.

Kwa hiyo na wasia wangu uuandike, maana jicho limepona lakini moyo una umri wake. Nikifa huku, nizikwe huku, saa ile ile kaburi litakapokuwa tayari, na watu watakaokuwapo. Asisubiriwe mtu. Aliye barabarani asipigiwe simu hata mara moja. Aje kesho, aje mwezi ujao, asimame juu ya udongo aniombee. Nitakuwa palepale.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na mshukuru kwa kunisindikiza hadi stendi. Nisalimie Hidaya, mwambie mkanda bado nafunga. Nisalimie wale wachimbaji watatu, hasa aliyeumia kidole kwenye mwamba. Nisalimie imamu wetu. Shabani mpe barua hii aisome mwenyewe, usimsomee, utaruka mistari.

Mwisho, nisalimie Bakari Mbonde. Salamu hiyo haiendi kwa simu, kwa sababu wewe huna namba yake na yeye hana yako. Mchukue mwanao, pandeni gari la mtu mwingine, shukeni Njia Nne, ulizeni dukani. Mkiingia uani kwake atakuona umri wako, na atakuamkia kabla ya kujua wewe ni nani. Usiitikie, Pili. Mwambie kwanza.

Kaka yako,
Selemani