Korongo na Kaburi la Baba

Kaka Anselmi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshajibu kabla ya kumaliza mstari, maana wewe ni katekista hata ukiwa usingizini. Habari za hapo Kakese? Goti la mama linaendeleaje, na wifi Skola ameshapona yale mafua? Mimi ni mzima, ila huku milimani baridi haina adabu, tunalala na soksi.

Nimeandika kwa sababu simu imetushinda. Kila tukigusa habari ya kuhamisha kaburi la baba, wewe unapandisha sauti, na mimi napandisha, mwisho salio linakatika na hakuna aliyemsikia mwenzake. Barua haikatizi mtu. Ivumilie mpaka mwisho, ndipo unigombeze.

Kwanza kazi, maana mama bado anadhani nachimba makaa ya mawe. Mgodi ulishafungwa. Waliufukua mlima, wakachukua walichotaka, na sisi tumeajiriwa kuurudishia majani. Tunaotesha miche kwenye kitalu, kisha tunaipanda kwa mistari kwenye miteremko. Udongo ni mweusi, jua la mchana likiupiga unachoma kiganja. Miti tuliyopanda mwaka jana imekufa mingi, lakini yale majani ya mizizi mirefu yameshika. Nimeuliza kwa nini, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Unanijua, sikai na swali likanyamaza.

Lakini kilichonikamata kabisa ni barabara, ile waliyokuwa wakipandisha malori. Imeshindiliwa mpaka ukiipiga jembe, jembe linaruka. Maji hayazami pale, yanakimbia tu. Chini ya kona moja yamechimba korongo ambalo ng'ombe akiingia utamtafuta kutwa. Tulilijaza mawe na matawi, tukapanda majani ukingoni. Mvua ikaja, ikala na mawe yenyewe. Halafu nikaona jambo ambalo sikulijua: korongo haliteremki na maji, linapanda. Maji yanadondoka pale kichwani, yanakula udongo kwa chini, ukingo unaanguka, na kichwa kinasogea juu zaidi. Mbegu tulizomwaga juu tukazikuta zimeota chini mtaroni, zimejazana kama kitalu cha mpunga, na juu kumebaki kipara. Mama Tumaini, ninayepanda naye mstari mmoja, akasema, "Kumbe sisi ni vibarua wa bonde."

Siku moja mvua inapiga, tuko ndani ya kontena tunakunywa chai, akaingia injinia wetu, dada mmoja mwembamba asiye na maneno mengi. Akauliza, "Jamani, nani ameshawahi kuyaona haya maji yanapoanzia?" Korongo tunalitazama mvua ikishakatika. Yenyewe ikinyesha, wote tuko ndani. Akatuvalisha makoti ya mvua, tukapanda mlima tukiyafuata maji, na yeye mbele.

Mimi nilidhani maji yanatoka mlima mzima. Wapi. Tulipopita kona tukakuta mfereji mdogo wa gurudumu la lori, umekatiza barabara, na maji yote ya huko juu yanaingia hapo na kuelekea korongoni. Nikaukinga mfereji kwa buti langu. Maji yakageuka, yakaenda zake kichakani upande wa pili. Kaka, nilicheka peke yangu kwenye ile mvua mpaka Mama Tumaini akaniuliza kama nina homa.

Baadaye tukachonga matuta ya kukatiza barabara kwa mshazari, ili maji yatoke kidogo kidogo kabla hayajapata nguvu. Korongo bado lipo, lakini kichwa chake kimesimama na majani yameshika. Usidhani tumekuwa mabingwa. Tuta moja tulilielekeza vibaya, maji yakaingia kwenye kitalu chetu wenyewe na kuzoa miche. Ukiyageuza maji lazima ujue unampelekea nani.

Sasa nirudi nyumbani. Kila mwaka wewe na vijana wa jumuiya mnajaza mifuko ya mchanga kwenye korongo letu la hapo nyumbani. Hata mimi niliwahi kuibeba, na kila mwaka inaondoka. Unasema ukingo umekaribia msalaba wa baba, na kwamba kabla ya mvua utamhamishia makaburi ya parokia. Mama hakupingi. Aliniambia tu, kwa sauti ya chini, "Baba yenu akipelekwa kule, mimi mtanizika wapi?" Unajua ile nafasi ubavuni mwa baba hajawahi kupanda hata muhogo.

Unasema korongo limeletwa na ng'ombe wa jirani yetu, Baba Masanja. Inawezekana. Inawezekana pia ni barabara ya mashambani iliyochongwa kule juu. Mimi sijui, na wewe, nisamehe kaka, hujui, maana mvua ikinyesha sote tunakaa ndani kusikiliza bati.

Mara ya mwisho uliniambia, "Nyie mkishafika mbali mnajifanya mainjinia. Ukingo ukibomoka na mzee, utakuja kumwokota wewe?" Neno hilo limenikaa kifuani. Naogopa, kaka. Nikikuambia subiri, halafu nikawa nimekosea, nitakuwa binti aliyeacha baba yake aende na maji mpaka kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Siwezi kukuagiza usubiri wakati mimi niko kwenye kontena na kikombe cha chai.

Kwa hiyo nimeomba ruhusa, na nimepewa. Nakuja kabla ya mvua za huko. Usimwendee Baba Masanja kwa ugomvi, mwendee kwa kuomba maksai na plau, tuchonge tuta la kuanzia juu ya kaburi. Nitakuja na miche ya yale majani kwenye gunia lenye unyevu. Hata kama haitamsaidia baba, itatufaa shambani.

Nisalimie mama, mwambie asitie chumvi nyingi eti kwa sababu mimi siko hapo kumchunga. Nisalimie wifi, aliyekuvumilia miaka yote hii. Nisalimie shangazi Felista, mwenye kauli ya mwisho kwenye ukoo, na umwombe awanyamazishe wazee mpaka nifike. Barua hii nimempa utingo wa basi la Mpanda, kijana mwaminifu, mpe hata maji ya kunywa.

Ninachokuomba ni kimoja, usilichimbe kaburi bila mimi. Mvua ya kwanza ikianguka tutoke nje wote wawili, tuyafuate maji kwenda juu mpaka tujue yanapoanzia. Na yakikataa kugeuka, tutamtoa baba siku hiyohiyo. Najua mtasema hiyo si kazi ya wanawake. Wewe utashika kichwani, mimi nitashika miguuni.

Mdogo wako,
Editha